Mizani ya Ghorofa ya Tatu

Nilipanda na bahasha ya kaki kifuani,
ngazi sitini na nne, lifti ilikuwa imelala.
Ndani ya bahasha yuniti ishirini na mbili:
miaka sita ya jioni, ukitoa mihula ya kukosa karo,
chuo cha juu ya duka la redio, Mtaa wa Luthuli,
ambako mhadhiri alishindana na spika za dukani
nasi tukaandika tulichosikia.

Bi. Syombua wa usajili akavaa miwani,
akazitandaza karatasi zangu kama anayechambua mchele.
"Zenye D hatupokei. Hizi tatu, kando.
Zilizopita miaka mitano, kando.
Hii ya Kodi, kwenu saa thelathini, kwetu arobaini na tano.
Kando.
Stadi za Mawasiliano, hiyo kila mgeni huisomea hapa."
Kisha akanieleza, bila ubaya, kama anayesoma bei ukutani,
kwamba hata zingekuwa dhahabu tupu
wangepokea nusu ya shahada tu, si zaidi.
Nusu ya pili lazima ipikwe kwenye jiko lao.

Mimi ni mtu wa mizani.
Asubuhi nakata nyama soko la Burma, kibanda cha Abdirizak,
najua kilo inavyotimia:
steki, kipande cha mafuta, mfupa.
Mteja hunung'unikia mfupa
na bado anaulipia,
maana ng'ombe hakutembea bila mfupa.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Ile D ya Takwimu, mama, ni ya muhula
ambao mamangu alilazwa Kenyatta, ghorofa ya saba,
nikajifunza wastani na mkengeuko
kwa kuandika joto la mwili wake nyuma ya risiti,
kila baada ya saa nne.
Sikusema. Foleni nyuma yangu ilianza kukohoa.

Zikabaki tisa.
Ishirini na mbili kupanda, tisa kushuka.

"Na barua ya chuo cha awali, yenye muhuri wa msajili."
Chuo changu cha awali sasa ni saluni.
Msajili wake, Bwana Wafubwa, nilimpata Githurai
akiwasajilia watu laini za simu.
"Kazi ni ileile," akacheka.
Muhuri alikuwa nao, ndani ya soksi ya mtoto,
wino umekauka.
Tuliutemea mate.

Nikaandika rufaa.
Usiku, vidole vikinuka mafuta ya ng'ombe,
anwani kulia, tarehe, kichwa kikapigiwa mstari,
aya tatu, kila aya na hoja yake,
bila kulia, bila kumtaja Mungu.
Bi. Syombua akaisoma mara mbili.
"Imenyooka. Nani alikufundisha?"
"Stadi za Mawasiliano. Ile mliyoitoa."
Kalamu yake ikasimama hewani
kitambo cha mtu anayetafuta chenji.

Akanirudishia Kodi.
Moja tu, kama sisi tunavyoweka kipande cha ini
juu ya nyama iliyokwisha pimwa.
Nyongeza haishibishi mtu,
ila hujawahi kuona mteja akiirudisha.
Mawasiliano ikabaki nje. Kanuni ni kanuni, alisema,
na safari hii hakuniangalia.

Leo ni Jumanne, ukumbi wa pili.
Nimeketi kati ya watoto wa miaka kumi na tisa,
ubaoni pameandikwa: Sehemu za Barua Rasmi.
Jirani yangu Chelagat ananong'ona,
anwani inakaa upande gani?
Namwonyesha.
Halafu nafungua ukurasa mpya, naandika tarehe,
naiandika taratibu, herufi kwa herufi,
kwa kuwa nimeilipia mara mbili.